Lugha ya Pili ni Akiba ya Uzeeni

Jioni moja niliitwa nyumbani kwa familia moja jijini Dar es Salaam kumwona bibi aliyekuwa mgonjwa. Niliwakuta wajukuu watatu wamesimama mlangoni, wala hakuna aliyetaka kuingia chumbani. "Shikamoo, nesi," mkubwa wao alinisalimu, kisha akaninong'oneza: "Bibi anaita wafu. Tangu jana anamwita mtu anayeitwa Minzi, na sisi hapa hatumjui Minzi yeyote."

Walikuwa wamempa chai ya maziwa, akaisukuma. Walimpa uji, akageuza uso ukutani. Baba yao, ambaye ndiye mwana wa bibi, ni dereva wa lori. Alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Mama yao alikuwa ameenda Dodoma kwenye msiba. Jirani mmoja alikwisha kushauri kwamba bibi apelekwe kwa mganga, maana mzee akianza kuita wafu, alisema, jambo hilo si la hospitali.

Nilikuwa bado napima homa mama wa watoto alipoingia na mzigo wake begani. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mayu," yaani mama, akatega sikio. Kisha akageuka akiwa na machozi. "Anaomba maji," alisema. "Minzi ni maji kwa Kisukuma. Tena anasema akienda haja ndogo anasikia moto, na ubavu unamwuma."

Siku mbili nzima bibi yule alikuwa akiomba maji katika nyumba yenye ndoo tatu zilizojaa maji. Tulimkimbiza hospitali. Alikutwa na maambukizo katika njia ya mkojo na upungufu mkubwa wa maji mwilini. Alitundikiwa dripu, akapewa dawa, na baada ya wiki moja akili yake ilitulia akaanza tena kuwauliza wajukuu habari za shule.

Jambo la kuangalia ni hili: yule mama aliyeokoa maisha ya bibi si Msukuma. Ni Mgogo. Kisukuma alijifunza akiwa mtu mzima, baada ya kuolewa, huku mawifi wakimcheka kwa kukosea maneno. Wajukuu, ambao damu yao ni ya bibi yule, hawakujua hata neno moja la kuomba maji.

Ndugu msomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya faida za kujifunza lugha ya pili. Huenda utasema hilo ni jambo la shule, si la afya. Natumaini ukifika mwisho utaona kwamba ni la afya kweli, na kwamba linamhusu kila mtu: mtoto, mzazi, mkulima, mfanyakazi na mzee.

Bibi alipotezaje Kiswahili?

Bibi yule alikuwa anajua Kiswahili. Alikipata miaka ya 1970 katika madarasa ya elimu ya watu wazima, wakati huo akiwa mama wa watoto wanne. Kwa miaka mingi alizungumza na wajukuu bila shida. Lakini katika miaka miwili ya karibuni alikuwa ameanza kusahau: mara funguo, mara siku ya juma, mara jina la jirani. Polepole maneno ya Kiswahili nayo yalianza kupungua. Siku homa ilipompanda, yakakimbia yote, ikabaki lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Hali hiyo si ya ajabu. Wauguzi na madaktari wanaowahudumia wazee wanaifahamu vizuri. Mzee anayepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita demensia, mara nyingi hurudi katika lugha yake ya kwanza. Lugha aliyojifunza baadaye huanza kufifia, na ile ya utotoni hudumu zaidi. Wasioelewa wakimsikia husema amerukwa na akili au amepagawa, kumbe anazungumza maneno mazima kabisa, ila hakuna wa kumsikia.

Ugonjwa huu si wa Ulaya tu kama wengine wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 uliwahusu watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 au zaidi. Ulionyesha kwamba karibu watu 6 katika kila 100 wa umri huo walikuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo katika kila kijiji chenye wazee wengi, wapo.

Hapa nataka kutoa onyo moja kabla ya kuendelea. Mzee akibadilika akili ghafula, kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee na usikimbilie kwa mganga. Mara nyingi kuna ugonjwa unaotibika: maambukizo ya mkojo au ya mapafu, malaria, kukosa maji, sukari kushuka au kupanda, au dawa alizomeza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ubongo wenye lugha mbili

Tuone sasa kinachotendeka ndani ya kichwa cha mtu mwenye lugha mbili. Watu wengi hudhani kwamba lugha ni kama nguo: ukivaa moja, nyingine inabaki kabatini. Sivyo. Wataalamu wameona kwamba mtu anayejua lugha mbili anapozungumza moja, ile nyingine nayo huwa macho. Ukitaka kusema "maji", na neno la kikwenu nalo linasogea kutaka kutoka. Ubongo hauna budi kuchagua lipi lipite na lipi lingoje, na kufanya hivyo mara nyingi sana kila siku bila wewe kujua.

Kazi hiyo ya kuchagua, kuzuia na kubadili ni mazoezi. Kama mkono wa mkulima unavyokomaa kwa jembe, vivyo hivyo ubongo hupata uzoefu kwa kutumiwa. Wataalamu wanasema mtu wa namna hiyo hujiwekea akiba ya ubongo. Mfano wake ni ghala. Nyumba mbili zinapatwa na ukame mmoja. Yenye ghala tupu inaona njaa mwezi wa kwanza. Yenye akiba inaendelea kupika kwa muda mrefu zaidi. Ukame ni ule ule, lakini njaa haikuingia siku moja.

Waliochunguza wameona nini?

Mwaka 2007 mtaalamu Ellen Bialystok na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 184 wa kliniki ya kumbukumbu mjini Toronto, Kanada. Waliona kwamba wale waliozoea kutumia lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili za ugonjwa miaka 4 hivi baadaye kuliko waliokuwa na lugha moja.

Wengine walisema labda ni kwa sababu wenye lugha mbili ni wahamiaji, au wamesoma zaidi. Ndipo mwaka 2013 daktari Suvarna Alladi na wenzake wakatoa matokeo kutoka Hyderabad, India, mji ambao watu wake ni wenyeji na bado wanatumia lugha mbili au tatu sokoni na nyumbani, kama sisi. Walichunguza wagonjwa 648. Waliona tena tofauti ya miaka 4 na nusu. Na jambo la kutia moyo ni kwamba tofauti hiyo ilionekana hata kwa wale ambao hawakuwahi kwenda shule. Basi faida hii si ya wenye vyeti peke yao.

Mwaka 2016 wataalamu wa Hyderabad walitangaza tena habari za wagonjwa 608 waliopata kiharusi. Kati ya wenye lugha mbili, karibu 40 katika kila 100 walibaki na akili timamu baada ya kiharusi. Kati ya wenye lugha moja walikuwa karibu 20 tu katika kila 100.

Lakini yatupasa kusema ukweli wote. Si uchunguzi wote uliokubaliana. Mwaka 2014 huko New York walitangaza habari za wazee zaidi ya 1,000 wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Hapo hawakuona kwamba lugha mbili zilipunguza idadi ya walioingia katika ugonjwa huo. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba lugha ni chanjo. Lugha haizuii ugonjwa kuja. Yaelekea inawasaidia wengi kuuvumilia kwa muda mrefu zaidi kabla haujawaangusha.

Tena lugha haiwezi kufanya kazi peke yake. Wataalamu waliokutana chini ya jarida la Lancet walitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kutosikia vizuri, na upweke. Walikadiria kwamba kama mambo hayo yote yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshwa. Mtu mwenye lugha tano asiyepima shinikizo la damu bado yuko hatarini.

Lugha mbele ya daktari

Tuache uzee kidogo, tuende kwenye chumba cha daktari, maana huko lugha inaweza kuokoa au kuua katika umri wowote.

Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, waliozungumza Kihispania, walisema ni "intoxicado", wakiwa na maana kwamba amedhurika kwa kitu alichokula. Waliowapokea walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya kulewa. Wakamtibu kama mtu aliyemeza dawa za kulevya kupita kiasi. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Ilipogunduliwa, wakati ulikuwa umepita, na kijana yule alipooza mikono na miguu. Neno moja tu.

Na sisi tuna mitego yetu. Mgonjwa wa Kiswahili akisema, "Moyo unanichafuka," hana ugonjwa wa moyo, anataka kutapika. Akisema maumivu yako kwenye chembe ya moyo, anaonyesha pale juu ya tumbo, chini ya kifua. Mganga mgeni aliyejifunza Kiswahili cha kitabuni tu anaweza kupima moyo mchana kutwa.

Hata saa ni mtego. Kwetu siku huanza jua linapochomoza, na saa ya kwanza baada ya hapo ni saa moja asubuhi. Mgeni anayefasiri saa ya Kiingereza neno kwa neno anaweza kumwambia mgonjwa ameze kidonge "saa nane", akiwa na maana ya saa mbili asubuhi. Mgonjwa atangoja mpaka mchana. Ni tofauti ya saa sita, na kwa dawa nyingine saa sita si mchezo.

Wakati mwingine mtego uko kati ya lugha ya mtaani na lugha ya kliniki. Wataalamu waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walitangaza mwaka 1996 kwamba watu wengi huko hawakuona uhusiano kati ya degedege na malaria. Malaria, kwa maneno yao, ilikuwa homa ya kawaida. Degedege lilikuwa jambo jingine lenye tiba yake ya jadi. Kumbe mtoto mwenye malaria kali ndiye yule yule anayeshikwa na degedege. Mwuguzi aliyetangaza "Tukinge malaria" bila kujua neno la akina mama alikuwa akisema jambo moja, na wao wakisikia jingine.

Ndiyo maana mwuguzi au mganga anayepelekwa mahali pageni, akijifunza lugha ya hapo, hata maneno mia moja tu ya mwili, maumivu na chakula, amejipatia chombo cha kazi sawa na kipimo cha homa. Na mgonjwa anayejifunza Kiswahili, naye amejipatia ufunguo wa kila zahanati nchini.

Neno moja kwa wazazi: msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mama au wa bibi. Mama atamficha mtoto mambo ya uzazi na ya siri, na mtoto atabeba mzigo usio wa umri wake. Tafuteni mtu mzima anayeaminika, ikiwezekana mwuguzi.

Je, mtoto hatachanganyikiwa?

Wazazi wengi wameacha kuzungumza lugha ya kikwao nyumbani kwa hofu kwamba mtoto atachelewa kusema, au atashindwa Kiingereza shuleni. Hofu hiyo haina msingi. Watoto wanaolelewa katika lugha mbili huanza kusema katika umri ule ule wa wenzao. Pengine katika kila lugha watakuwa na maneno machache kidogo mwanzoni, lakini ukijumlisha maneno ya lugha zote mbili, hawako nyuma. Wakichanganya maneno, usishtuke wala usiwapige. Ni hatua ya kawaida na hupita. Mtoto anayechelewa sana kusema apimwe masikio na aonwe na mtaalamu, lakini kosa si lugha mbili.

Wako pia watoto wasiosikia. Kwao lugha ya alama ni lugha kamili, yenye kanuni zake. Mtoto akiijua na nyumba nzima isiijue, anakuwa mgeni mezani kwa wazazi wake. Baba, mama na ndugu wakijifunza lugha ya alama, wamemrudisha mtoto nyumbani. Hiyo nayo ni lugha ya pili, na pengine ndiyo inayohitajika kuliko zote.

"Mimi ni mtu mzima, nitaweza?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Ni kweli kwamba mtoto hushika matamshi kwa urahisi. Lakini mtu mzima ana mambo ambayo mtoto hana: ana subira, ana sababu, na anajua anachotafuta.

Mwalimu Julius Nyerere alikulia katika Kizanaki. Shule aliianza mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huko ndiko alikoingia katika Kiswahili. Kiingereza kilifuata baadaye. Pamoja na kazi zote za kuongoza nchi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya kwanza ikatoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70 bado alikuwa akizigeuza Injili kuwa tenzi. Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuja pwani yetu akiwa mtu mzima asiye na Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, naye amevuka miaka 80.

Utasema hao ni watu wa vipaji. Haya, tuwaangalie watu wa kawaida. Huko Edinburgh, Uskoti, wataalamu waliwafuatilia watu 853 ambao walipimwa akili mwaka 1947 wakiwa na miaka 11, wakapimwa tena kati ya miaka 2008 na 2010 wakiwa wazee wa miaka 70 na kidogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Waliojua lugha zaidi ya moja walifanya vizuri kuliko ilivyotazamiwa kwa vipimo vyao vya utotoni, na kundi hilo lilikuwa na watu waliojifunza lugha ya pili baada ya miaka 18. Basi mlango haufungwi mtu akishaoa au akishaolewa.

Na yule bibi wetu wa Kisukuma, hakukipata Kiswahili akiwa na mtoto mgongoni? Na mkwewe, hakukipata Kisukuma jikoni?

Tuanzie wapi?

Nilimwuliza yule mama alifanyaje. Alicheka. "Nilianza na chumvi," alisema. "Kila nilichoshika jikoni nilimwuliza mayu jina lake. Nikikosea walinicheka, nami nikacheka nao. Baada ya mwaka mmoja nikasikia wananisengenya, nikajua nimefaulu." Kutokana na maneno yake na ya wengine, nawapeni mashauri haya:

1. Chagua lugha yenye mtu wa kuzungumza naye. Lugha ya mke au mume wako, ya wazazi wako, ya majirani, ya wagonjwa wako. Lugha isiyo na mtu husahaulika upesi.

2. Anza na maneno ya lazima: maji, chakula, choo, maumivu, homa, baridi, kichwa, tumbo, kifua, leo, jana, ndiyo, hapana. Maneno hayo peke yake yangetosha kumsaidia bibi.

3. Tenga muda mfupi kila siku. Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa mbili kila Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Sema, usingoje kujua yote. Anayengoja asikosee hatasema kamwe.

5. Nyumbani, kama baba na mama ni wa makabila mawili, kila mmoja azungumze na watoto lugha yake kwa saa fulani za siku. Kiswahili watakipata tu, nje kumejaa Kiswahili.

6. Mfanye mzee awe mwalimu. Mjukuu akae na bibi au babu jioni na daftari lake. Mtoto atapata lugha, na mzee atapata mtu wa kuzungumza naye. Upweke ni mmoja wa maadui wa ubongo niliowataja, na dawa yake ni watu.

7. Msimcheke anayejifunza kwa namna ya kumvunja moyo. Familia nyingi zimeua lugha zao kwa kicheko cha mara moja.

8. Andikeni kwenye karatasi maneno kumi ya lugha ya mzee wenu pamoja na maana yake, mbandike ukutani karibu na kitanda chake. Akienda hospitali, karatasi iende naye, iwekwe pamoja na kadi yake.

Shauri hilo la mwisho ndilo nililoliona likifanyika katika nyumba ile. Niliporudi mwezi uliofuata, karatasi ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mwandiko wa mjukuu mkubwa, yule yule aliyeninong'oneza habari za wafu. Neno la kwanza juu kabisa lilikuwa "minzi". Bibi alikuwa amekaa kitandani akimsahihisha matamshi mjukuu mdogo, naye alikuwa mkali kuliko mwalimu wa shule.

Bibi hajapona kusahau, wala hatapona. Siku itakuja ambapo Kiswahili chake kitakwisha chote. Lakini siku hiyo atakuwapo mtu chumbani wa kumsikia. Nawe, ndugu msomaji, jiulize jioni hii: katika nyumba yako, mzee wako akiomba maji kwa lugha ya mama yake, nani atamletea?